Nilimwambia arudi nyumbani, aje Jumatatu

Mama Mshauri, shikamoo.

Mimi ni askari polisi wa kike mwenye umri wa miaka 43, cheo changu ni koplo, na nina miaka 19 kazini. Miaka saba ya mwisho nimekaa Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo kimoja cha wilaya huku Kanda ya Ziwa, ambacho nakuomba usikitaje hata ukikitambua.

Miaka minne iliyopita, Ijumaa jioni, zamu yangu ikiwa imebakiza nusu saa, aliingia binti wa miaka 22 akiwa na mtoto mgongoni, taya limemvimba upande mmoja. Nilimfahamu. Alikuwa amekwisha kuja mara mbili kabla ya hapo. Mara zote mbili nilimpa PF3, fomu ya polisi ya kutibiwa nayo, akaenda hospitali, na mara zote mbili wazee wa upande wa mume walikuja kesho yake, naye mwenyewe akasema ameshasamehe. Siku hiyo aliniambia, “Afande, leo kasema ataniua.” Nilimsikia vizuri. Nilikwenda kwa mkubwa wangu kuomba gari na askari wa kumkamata mume. Akanijibu kwamba mafuta hakuna, kwamba dawati si mahakama ya talaka, na kwamba wale ni watu wa kupigana na kupatana. Ningeweza kubishana naye. Ningeweza kufungua jalada, nikampa mkononi RB yake, yaani namba ya taarifa iliyoandikwa kitabuni, nikamtafutia mahali pa kulala hata kama ni kwangu. Sikufanya hivyo. Nilikuwa nimechoka, mwanangu alikuwa na homa nyumbani, na ukweli ambao sijamwambia mtu ni kwamba nilikuwa nimemchoka pia yule binti kwa kusamehe kwake. Nilimwambia, “Rudi nyumbani, mwanangu, Jumatatu asubuhi njoo tufungue jalada.” Sikuandika chochote kitabuni.

Jumapili alfajiri nilipigiwa simu. Nilitumwa mimi kwa sababu ni mwanamke, nikamchukue mtoto. Nilimkuta kwa jirani amelala juu ya kanga ileile aliyobebewa Ijumaa.

Mume alikamatwa siku hiyohiyo, akashtakiwa, akahukumiwa. Nilitoa ushahidi kuhusu asubuhi ya Jumapili na kuhusu zile PF3 mbili. Habari za Ijumaa hakuna aliyeniuliza, nami sikuzisema. Mwaka uliofuata nilipewa cheti cha utendaji bora. Kipo kabatini chini ya mashuka.

Nilikwenda hospitali ya wilaya kwa kukosa usingizi. Daktari aliniuliza kama naota ndoto za kutisha na kama nashtuka nikisikia kishindo. Nikamjibu hapana, akanipa vidonge vya kulalia. Siogopi kitu, Mama. Ila sijioni tena kuwa mtu wa kuaminiwa, na kila mwanamke anayeketi mbele ya meza yangu naona kama namdanganya. Sijakomunika tangu Pasaka ya mwaka ule. Usiku nakunywa pombe kali kidogo ili nilale, na hicho kidogo kinaongezeka. Binti yangu wa miaka 15 ananiogopa. Na nikipangiwa zamu ya silaha yananijia mawazo ambayo sitayaandika hapa.

Baba yangu alipigana Vita vya Kagera. Alirudi mwaka 1979 akiwa mzima wa viungo, lakini usiku aliweweseka, na neno tulilolisikia mara nyingi ni “Masaka.” Kila mwaka baada ya mavuno alipakia gunia moja la mahindi kwenye baiskeli akalipeleka kwa mjane wa kijiji cha pili, hadi miguu ilipomshinda, na hakutuambia sababu. Nilipokuwa naondoka kwenda chuo cha polisi Moshi aliniambia jambo moja tu: “Mwanangu, amri ni chakula, nyingine ukishaimeza haitoki.” Alifariki mwaka 2011, kabla sijapata la kumuuliza.

Mama wa yule marehemu ndiye anayemlea mjukuu. Anauza dagaa sokoni, nami napita pale kila wiki. Ananiita “mwanangu askari,” kwa sababu anakumbuka kwamba mimi ndiye niliyembeba mtoto siku ile, na kila nikinunua fungu huniongezea kiganja kizima. Nikifika nyumbani ile nyongeza naimwaga. Hajui kwamba binti yake alikuja kituoni Ijumaa.

Je, nimwambie, au nikae kimya kama baba? Na je, mimi ni mgonjwa, au napata ninachostahili?

WP, Kanda ya Ziwa

Marahaba, binti yangu.

Nitaanza na jambo ambalo umekataa kuliandika, kwa kuwa hayo mengine yote yanaweza kungoja, ila hilo haliwezi. Ikiwa mawazo yanayokujia ukiwa na silaha ni ya kujiua, basi usipokee silaha tena mpaka utakapokuwa umeonana na mtaalamu wa afya ya akili. Mwombe mpanga zamu akuweke kwenye kazi zisizo na bunduki kwa sababu za kiafya. Huna haja ya kumsimulia zaidi ya hapo, na dawati lako lenyewe halihitaji bunduki. Mwambie mumeo, au dada yako, au yeyote anayelala karibu nawe, kwa maneno hayohayo bila kuyapamba. Mawazo hayo yakikuzidia usiku, nenda hospitali usiku uleule, usiende peke yako, wala usisubiri Jumatatu. Hospitali za rufaa za mikoa zina watu wa kazi hiyo, na ikibidi zaidi zipo Muhimbili na Mirembe. Pombe nayo ni sehemu ya hatari hiihii, kwa maana inampunguzia mtu breki saa anapozihitaji kuliko saa nyingine zote, na ukiichanganya na vidonge vya kulalia inaweza kukuzuia kupumua. Kwa kuwa imekuwa ya kila siku, usiikate ghafla kimyakimya; mweleze daktari kiasi unachokunywa, akusaidie kuiacha.

Sasa nikujibu swali lako la mwisho. Daktari wako hakukosea kuuliza alichouliza, ila aliuliza habari za hofu, nawe huna hofu. Ndoto za kutisha na kushtuka kwa kishindo ni dalili za mtu ambaye mwili wake bado unaamini kwamba hatari haijapita. Lako ni jingine. Jonathan Shay, daktari wa magonjwa ya akili aliyewatibu wanajeshi wastaafu wa vita vya Vietnam mjini Boston, aligundua kwamba wengi wao hawakuwa wameharibiwa na adui, bali na siku ambayo mwenye mamlaka juu yao alilisaliti jambo la haki, wakati maisha ya watu yalikuwa mezani. Mwaka 2009 mtaalamu mwingine wa Marekani, Brett Litz, pamoja na wenzake, waliliongeza upande wa pili: mtu huumia vivyo hivyo kwa lile alilolitenda mwenyewe, au aliloshindwa kulizuia, au alilolishuhudia, ikiwa linapingana na kile anachoamini kuwa ni haki. Mimi naliita jeraha la dhamiri. Wewe umelipata kwa njia zote mbili katika nusu saa moja, kwanza mkubwa wako alipokukatalia gari, kisha wewe mwenyewe ulipomgeukia yule binti ukamtuma nyumbani.

Lugha yetu ilikuwa na neno la hali hii kabla ya wataalamu hao, maana husema mtu anasutwa na nafsi yake. Watu wa pwani wanajua kusuta ni nini: wanawake huandamana mpaka mlangoni kwa aliyesema uongo, wakamtaka ayarudie maneno yake mbele ya mashahidi. Anayesutwa na nafsi yake ndiye anayepiga hodi na ndiye aliyejifungia ndani. Kwa hiyo, mwanangu, huna wazimu, ingawa unahitaji kutibiwa. Mtu asiye na dhamiri angekitundika kile cheti sebuleni.

Sitakwambia kwamba si kosa lako. Nadhani wenzako kituoni wangekwambia hivyo kwa nia njema, na ndiyo sababu hujawaambia, kwa kuwa unajua kwamba si kweli yote. Lakini na hilo unaloliamini, kwamba wewe ndiye uliyemuua, si kweli pia, na limekuwa likikuua pole pole kwa miaka minne. Chukua karatasi, chora duara kubwa, ulikate vipande kama mkate wa kumimina, na kila kipande ukiandikie jina la anayehusika. Aliyeinua mkono akaua ni mume, na kipande chake hakipungui kwa sababu yoyote. Yupo mkubwa wako aliyejibu kwa mzaha mwanamke aliyesema atauawa. Wapo wazee waliomrudisha mara mbili. Upo utaratibu wa kuweka dawati bila gari wala mafuta wala mahali pa kumlaza mtu usiku. Ipo jamii ambamo, katika utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015 na 2016, asilimia 40 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 walisema wamewahi kupigwa tangu wafikishe miaka 15, wakati kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinatamka wazi kwamba hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake. Ukishaviandika hivyo vyote, ndipo uandike chako, na ukiandike kwa ukamilifu: sikuandika kitabuni, sikubishana, nilimwambia arudi, na mahakamani nilinyamaza. Hicho ndicho chako. Ni kizito, lakini kina mipaka, na kitu chenye mipaka kinaweza kubebwa. Fanya kazi hii mbele ya mtaalamu, si usiku ukiwa peke yako na chupa.

Kuna jambo moja ambalo naona linakuaibisha kuliko yote, nalo ni kwamba ulikuwa umemchoka. Nilikuwa muuguzi wa magonjwa ya akili kwa miaka 27 na nimewahi kuwachoka wagonjwa niliowapenda, hasa wale waliorudi wodini kila baada ya miezi miwili na jeraha lilelile. Nilikuja kuelewa kwa kuchelewa kwamba mwanamke anayesamehe mbele ya wazee mara nyingi hasamehi, anahesabu. Anahesabu ng’ombe waliotolewa, ambao baba yake hana tena wa kurudisha. Anahesabu mtoto atakayebaki kwa mume, na usiku ngapi ndugu watamvumilia kabla ya kuanza kumnung’unikia. Yule binti alipokuja mara ya tatu alikuwa amekwisha kuhesabu akaona kwamba kituo ndicho mahali pekee palipobaki, na nadhani sehemu yako mojawapo ililitambua hilo siku ileile, ndiyo maana sauti yake haikutoki. Lakini uchovu wako haukuanza Ijumaa ile. Mliwekwa dawatini kwa kuwa ni wanawake, ikidhaniwa kwamba mwanamke anaweza kusikiliza habari za vipigo na ubakaji wa watoto kuanzia asubuhi hadi jioni, mwaka baada ya mwaka, kisha akaenda kupika. Askari wa kiume anayelinda benki hatumwi kumbeba yatima alfajiri. Wewe ulitumwa, na baada ya hapo hakuna aliyekuketisha chini akakuuliza umebeba nini. Naandika haya kwa uchungu, kwa kuwa wewe si wa kwanza kuniandikia kutoka meza ya namna hiyo.

Tuje kwa baba yako. Masaka ni mji wa Uganda ambao majeshi yetu yaliuteka mwezi Februari 1979, na baada ya kuuteka sehemu kubwa ya majengo yake ilibomolewa kwa baruti, kulipiza kisasi kwa yale ambayo watu wa Idi Amin walikuwa wameyafanya Kagera. Wewe na mimi hatujui mzee alifanya nini pale, au aliona nini, wala yule mjane alihusika vipi. Lakini nalitazama gunia lile naona mtu aliyekuwa akilipa. Walipigiwa ngoma waliporudi, na walistahili, ila ngoma haimpi mtu nafasi ya kusema lililomkaa kooni. Wenzetu Waacholi wa kaskazini mwa Uganda wana desturi ya kumfanya mtu aliyerudi kutoka mbali akanyage yai mbichi kabla ya kuingia nyumbani, na vijana waliotoka msituni katika vita vya waasi wa Joseph Kony walipokewa hivyo. Sisemi kwamba yai linafuta kitu, nasema kwamba watu wote walikuwepo wakikiri kwamba huyu ametoka mahali pabaya na sasa tunampokea. Baba yako hakupata hilo. Alilipa kwa mahindi bila maneno, na nadhani ndiyo sababu deni lilikuja kukaa kwako.

Unaweza bado kumuuliza. Wanaotibu jeraha hili kwa wanajeshi wana zoezi la kuweka kiti kitupu mbele ya mgonjwa, akamkalisha kwa mawazo mtu mmoja ambaye neno lake analiheshimu kuliko mengine, akamweleza yote kwa sauti, kisha akajibu yeye mwenyewe kwa kinywa cha mtu huyo. Mtaalamu wako akikubali, mkalishe mzee pale. Mwambie habari za Ijumaa, na habari za kitabu. Sitaki kukutangulia kwa jibu, ila mtu aliyeendesha baiskeli na gunia miaka yote hiyo hawezi kukwambia kwamba hustahili kuishi.

Na urudi kwa padre. Umejitenga na meza ya Bwana kwa miaka minne kwa hukumu uliyoitoa mwenyewe, wakati Kanisa lako lina kiti cha kitubio, na analolisikia padre pale halitoki. Usiende kutafuta maneno laini. Tafuta padre mzee atakayekuuliza utarekebisha nini. Jirani zako Waislamu nao watakwambia kwamba toba ya kosa lililomgusa mtu haikamiliki mpaka haki ya mja irudishwe.

Hapo ndipo tunapomfikia bibi wa dagaa. Nimelifikiria swali lako kwa siku kadhaa, na jibu langu ni kwamba mwambie, lakini si wiki hii. Anayo haki ya kujua kwamba mwanawe alijitetea. Kwamba hakukaa akingoja kufa, bali alimbeba mtoto akatembea hadi kituoni na kusema. Kwa mama hilo ni jambo kubwa, na kwa sasa unalo wewe peke yako. Hata hivyo usilipeleke kwake kwa ajili ya kutua mzigo wako. Ukienda ukiwa bado hulali na unakunywa, utalia wewe, na yule mama, kwa wema wake, ataanza kukubembeleza wewe juu ya kifo cha mtoto wake, nalo lingekuwa kosa la pili. Tangulia kutibiwa. Kisha onana na mwanasheria asiyevaa sare, kwa mfano katika Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania, umweleze habari za kitabu na za ushahidi wako kama zilivyo, ili ujue madhara yake kazini na kisheria na uyapokee ukiwa umeyaona.

Siku ukiwa tayari, usimfuate sokoni mbele ya watu. Nenda nyumbani kwake bila sare, pamoja na mtu anayemheshimu, labda katekista au jirani yake mtu mzima. Anza na Ijumaa na maneno ya binti yake, kisha ulichomjibu. Habari za mafuta na za mkubwa wako zisitangulie; akiuliza, mjibu. Usimwombe msamaha papo hapo kana kwamba ni stakabadhi ya kuondokea nayo. Mwambie kwamba unajuta, kwamba utarudi akikuita, na kwamba hutarudi akikukataza. Anaweza kukutimua, anaweza kukushtaki kwa wakubwa wako, na akifanya hivyo atakuwa hajakukosea. Kabla ya siku hiyo usianze kumlipia mjukuu ada wala kumpelekea fedha, maana msaada unaotolewa kwa siri juu ya jambo lililofichwa ungekuwa lile gunia la baba yako tena.

Dawatini, unaweza kuanza kesho. Mwanamke yeyote asitoke mbele yako bila kuandikwa kitabuni na bila namba ya RB mkononi, hata akisema amesamehe, na anayesema ametishiwa kuuawa asirudishwe usiku ule. Waombe wenzako wa mtandao wa polisi wanawake mkutane, mzungumzie kesi zinazowalaza macho, hata kama ni mara moja kwa mwezi. Nina hakika hutakuwa wa pekee katika chumba hicho. Binti yako wa miaka 15 usimweleze yote, ila mwambie kwamba mama anaumwa, kwamba si kosa lake, na kwamba umeanza kutibiwa.

Niandikie ukishaacha kupokea silaha. Mstari mmoja unatosha. Na wiki hii ukipita sokoni, nunua fungu lako kama kawaida. Akikuongezea, usimwage. Zipike zote, mle na watoto.